Mtume na Mtumwa: Neno la Utumwa Latoka Wapi?



Jumamosi moja nilikuwa nikiwafundisha watoto wa kipaimara habari za Mitume kumi na wawili. Nikawaeleza kama kila mwalimu wa dini aelezavyo, kwamba mtume ni mtu aliyetumwa. Bwana Yesu aliwaita, akawafundisha, kisha akawatuma. Mvulana mmoja akainua mkono. Juma lililotangulia hakuja mafundishoni. Akauliza: «Mwalimu, kama mtume ni mtu aliyetumwa, mtumwa naye ni nani?»

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu tayari. Nikamwuliza: «Mwanangu, kwa nini wauliza?» Akajibu: «Juma lililopita wenye bunduki walinituma kubeba mizigo yao mpaka mlimani. Walisema ni salongo.»

Nikafungua daftari la mahudhurio. Kwenye jina lake, siku ile aliyokosa, nilikuwa nimeandika herufi R, maana yake ruhusa. Ndiyo desturi niliyoikuta: mgonjwa huandikiwa M, na aliyekwenda salongo huandikiwa R. Nikajiuliza, ruhusa hiyo aliitoa nani? Si mimi, si wazazi wake, wala si yeye mwenyewe. Basi nikamwahidi kwamba nitatafuta jibu la swali lake. Makala hii ndiyo jibu langu, na naliandika kwa ajili yenu nyote, hasa ninyi wa Masisi na Walikale.

Maneno ya ukoo mmoja

Tuanze na sarufi. Kiini cha maneno haya ni kitenzi tuma. Kila mtoto wa kwetu akijua: mama hutuma maji, baba hutuma tumbaku, na jirani pia aweza kukutuma. Katika kitenzi hicho tumepata maneno mengi. Aliyetumwa ni mtumwa. Tena aliyetumwa ni mtume. Neno hili limeundwa kwa mtindo wa zamani wenye mwisho wa e, kama vile aliyeteuliwa aitwa mteule, na kilichoumbwa chaitwa kiumbe. Kutoka tumika twapata mtumishi, kama vile kutoka pika twapata mpishi na kutoka andika twapata mwandishi. Kisha kuna tumia, yaani kukifanyia kitu kazi mpaka kiishe.

Tazameni basi. Mtume na mtumwa, kwa sarufi tupu, ni watu sawa: wote wawili wametumwa na mwingine. Katika lugha nyingine sivyo. Kwa Kigiriki cha Injili, mtume ni apostolos, na mtumwa ni doulos. Maneno hayo hayana udugu. Kwa Kilatini, mtumwa ni servus, na kutuma ni mittere, ambako tumepata neno misioni. Kwa Kifaransa, mtumwa ni esclave, na neno hilo latokana na jina la taifa, Waslavi wa Ulaya ya Mashariki, kwa sababu zamani watu wengi wa taifa hilo walikamatwa na kuuzwa. Jina la watu likawa jina la minyororo yao. Lakini katika Kiswahili, mtume wa Mungu na mtu anayenunuliwa sokoni ni ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo swali la yule mvulana halikuwa la utani.

Jinsi neno lilivyofika kwetu

Neno mtumwa halikuzaliwa katika milima ya Masisi wala katika msitu wa Walikale. Lilikuja pamoja na lugha ya Kiswahili kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Huko pwani watu walikuwa na majina mengi kwa mtu asiye huru. Aliyekamatwa vitani aliitwa mateka. Aliyezaliwa katika nyumba ya bwana wake aliitwa mzalia. Mwanamume aliitwa mtwana, mwanamke kijakazi, na mwanamke aliyechukuliwa na bwana wake kuwa kama mke aliitwa suria. Lakini jina lililowafunika wote lilikuwa mtumwa.

Na kweli, watumwa wengine wa pwani walitumwa. Wako waliopelekwa bara na bwana zao kufanya biashara, hata kuongoza misafara. Lakini wengine, maelfu kwa maelfu, walilima mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, nao hawakutumwa popote. Walikuwa wamenunuliwa. Neno laini lilifunika jambo gumu. Mtu akisikia «huyu ni mtumwa wangu», angeweza kudhani kwamba ni kama mtoto anayetumwa maji.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sultani Barghash, baada ya kushurutishwa na Waingereza. Lakini kufunga soko hakukuwa kufungua watu. Hali ya utumwa katika sheria za Zanzibar iliondolewa mwaka 1897, Kenya pwani mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Wakati huo wote biashara ya pembe za ndovu na ya watu ilikuwa imekwisha kuvuka Ziwa Tanganyika na kuingia Maniema. Huko Nyangwe, kando ya mto Lualaba, tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone aliwaona watu wenye bunduki wakiwapiga risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Waliokufa siku hiyo kwa risasi na kwa kuzama mtoni walikuwa mamia.

Aliyejulikana kuliko wote katika biashara hiyo ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliyezaliwa Zanzibar na kufanya makao yake Kasongo. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimfanya gavana wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani. Wafuasi wa wafanyabiashara hao waliitwa wangwana.

Hapo msomaji asimame kidogo. Mngwana ni neno lile lile la pwani, mwungwana, yaani mtu huru, mtu wa heshima, kinyume cha mtumwa. Kumbe wengi wa hao wangwana walikuwa watumwa wenyewe, au watoto wa watumwa. Kijana alikamatwa kijijini kwake, akapewa kanzu na bunduki, akajifunza lugha, kisha akaenda kukamata wengine. Naye akaitwa mwungwana. Na Kiswahili kilichoenea katika Kongo ya mashariki kikaitwa Kingwana, yaani lugha ya watu huru. Ndiyo lugha ambayo babu zetu wengi waliisikia mara ya kwanza kutoka kwa watu waliowafunga.

Waliofunguliwa wakafungwa tena

Kati ya mwaka 1892 na 1894 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipigana na wafanyabiashara hao na kuwashinda. Ulaya ilishangilia kwamba utumwa umekwisha. Nchi yenyewe iliitwa «Huru». Hilo nalo ni jina la kuangaliwa. Watu walioondolewa mikononi mwa Waarabu waliitwa kwa Kifaransa libérés, waliofunguliwa. Lakini wengi wao walitiwa jeshini au kazini bila kuulizwa neno. Na katika msitu, wanakijiji waliosemwa kuwa huru walilazimishwa kuleta mpira. Aliyeshindwa alipigwa, mkewe akashikwa rehani, na wengi waliuawa.

Mwaka 1908 Kongo ikawa koloni la Ubelgiji. Mwaka 1917, wakati wa vita kuu ya kwanza, ilitolewa amri ya kulima mazao ya lazima, siku 60 kwa mwaka. Kazi hiyo waliipa jina gani? Waliiita kazi ya kuelimisha. Mtu alilima pamba au mpunga ambao hakuutaka, kwa bei ambayo hakuikubali, akiogopa faini na jela, na katika karatasi iliandikwa kwamba anaelimishwa. Wakati wa vita kuu ya pili siku hizo zilifika 120.

Nasi watu wa Kanisa tusijifiche nyuma ya wengine. Mwaka 1452 Papa Nikolai V alimwandikia Mfalme wa Ureno barua iliyomruhusu kuwatia Wasarasini na wapagani katika utumwa wa daima. Ni kweli, mapapa wengine walikemea. Ni kweli pia kwamba mwaka 1888 Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazili kuulaani utumwa, na mwaka huo huo Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akihubiri juu ya mateso ya watu wa Afrika. Lakini mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alipofika kisiwa cha Gorée, huko Senegal, aliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki dhambi hiyo. Mtakatifu hakuona aibu kuitaja dhambi kwa jina lake. Na sisi tusione aibu.

Salongo

Sasa twafika kwenye neno la yule mvulana. Wazee wetu walijua kazi ya pamoja tangu zamani. Nyumba ya mjane ikianguka, watu huja kuijenga. Daraja la miti likichukuliwa na mto, kijiji hukutana. Watu hulimiana kwa zamu, na mwenye shamba huandaa chakula na kinywaji. Kazi hiyo ni heri, wala hakuna awezaye kuiita utumwa.

Miaka ya 1970, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire, serikali ya Rais Mobutu iliagiza kazi ya pamoja ya kila juma, ikaiita salongo. Ni neno la Kilingala, na ajuaye lugha hiyo husikia ndani yake kosala, kufanya kazi. Watu walifagia barabara, walifyeka majani, walilima. Iliimbwa na kusifiwa kama upendo wa nchi. Lakini asiyefika aliadhibiwa, na mara nyingi shamba lililolimwa halikuwa la kijiji, lilikuwa la mkubwa fulani.

Mobutu aliondoka mwaka 1997, lakini neno lilibaki. Katika Masisi na Walikale, vikundi vya silaha vya kila jina, hata vile vinavyopigana vyenyewe kwa vyenyewe, vimelirithi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameliandika mara nyingi katika ripoti zao. Leo ni kubeba risasi na magunia. Kesho ni kujenga vibanda vya askari, au kupanua barabara. Katika machimbo, wachimbaji wameamriwa kutoa siku moja katika juma iwe ya mwenye bunduki, na mawe yote ya siku hiyo kuwa yake. Kule Bisie, katika Walikale, ambako kasiterite ilianza kuchimbwa mwaka 2002, watu walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni kupitia msitu mpaka Njingala, mwendo wa zaidi ya kilomita 40. Wengine walikuwa wamekopa chakula na vyombo kwa bei ya kutisha, na kila gunia walilobeba lililipa deni ambalo halikwisha. Huyo hana mnyororo mguuni. Mnyororo wake umeandikwa katika daftari la mkopeshaji.

Salongo si neno pekee lililogeuzwa. Fedha zinazotozwa kila nyumba ili watu wasishambuliwe usiku zaitwa «lala salama». Tangu lini baraka tunayompa mtoto anapokwenda kulala ikawa jina la kodi ya kitisho? Wahenga walisema: jina jema hung'ara gizani. Wenye kufunga watu wanaijua methali hiyo, ndiyo maana huazima majina mema.

Wako walioyaita mambo haya kwa jina lake. Mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti 2010, katika vijiji 13 vya njia ya Kibua hadi Mpofi, wilayani Walikale, watu wasiopungua 387 walinajisiwa, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulionyesha kwamba watu 116 walichukuliwa kwa nguvu wakafanyishwe kazi. Novemba 2020 korti ya kijeshi huko Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka kifungo cha maisha. Kati ya makosa iliyomwona nayo ni kuingiza watoto katika kikundi chake na utumwa wa ngono. Korti haikusema salongo. Haikusema «walikwenda kuwasaidia askari», wala haikusema «alichukua wake». Ilisema utumwa.

Je, aliulizwa?

Basi, tofauti ya mtume na mtumwa ni nini, ikiwa wote wametumwa? Nilitafuta mahali pawili, katika sheria na katika Maandiko, nikakuta jibu moja.

Sheria kwanza. Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani lilifanya mapatano juu ya kazi ya kulazimishwa, na nchi yetu iliyakubali mwaka 1960, miezi michache baada ya uhuru. Mapatano hayo yaeleza kwamba kazi ya kulazimishwa ni ile ambayo mtu hudaiwa kwa kutishiwa adhabu, naye hakujitoa kwa hiari yake. Kazi ndogo za kijiji, kama daraja na kisima, hazihesabiwi humo, lakini kwa sharti kwamba watu wa kijiji au wajumbe wao wawe na haki ya kuulizwa kama kazi ile yahitajiwa. Nayo Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 16, yakataza utumwa na hali yoyote inayofanana nao, na yakataza kumtia mtu kazi ya lazima. Hata wakati wa vita katazo la utumwa haliwezi kuondolewa.

Sasa Maandiko. Malaika Gabrieli alipotumwa Nazareti, hakumkamata Bikira Maria. Alimweleza. Maria akauliza swali, naye akajibiwa. Malaika hakuondoka mpaka aliposikia neno la kukubali, na ndipo Maria alipojiita mjakazi wa Bwana. Nabii Isaya alimsikia Mungu akiuliza ni nani wa kutumwa, naye ndiye aliyejitoa. Mtume Paulo, anapoanza barua kwa Warumi, ajiita mtumwa wa Kristo, na mara hiyo hiyo ajiita mtume. Aweza kuyaunganisha majina hayo mawili kwa sababu alitoa moyo wake mwenyewe. Na Bwana Yesu, usiku wa mwisho, aliwaambia wanafunzi kwamba hawaiti tena watumwa bali rafiki, maana amewajulisha aliyoyasikia kwa Baba.

Ndugu zangu, Mungu Mwenyezi, aliyeumba mbingu na nchi, humwuliza mtu kabla ya kumtuma. Basi ni nani huyo mwenye bunduki asiyeuliza?

Tuna mfano mzuri katika Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu na mwaka 1869. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa mara nyingi, na kwa hofu akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita ni jina alilopewa na waliomkamata. Maana yake ni mwenye bahati. Waliomfunga nao waliazima jina jema. Baadaye alifikishwa Italia, na bibi yake alipotaka kumrudisha Afrika, Bakhita alikataa kuondoka katika nyumba ya masista alikokuwa akijifunza dini. Tarehe 29 Novemba 1889 korti ya Venezia ilitangaza kwamba yu huru. Mwaka uliofuata alibatizwa, na baadaye akaomba mwenyewe kuwa sista Mkanosa. Alipika, alishona, alifungua mlango wa nyumba ya masista kwa miaka mingi. Ni kazi za mtumishi, pengine zile zile alizozifanya alipokuwa mtumwa. Lakini safari hii aliulizwa, naye akasema ndiyo. Kanisa lilimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, na sikukuu yake ni tarehe 8 Februari.

Tufanye nini?

Siwaambii wasomaji waende kushindana na watu wenye bunduki. Mzazi anayepeleka mzigo ili mwanawe asipigwe, Mungu amjua. Wala siwaambii mwache kazi ya pamoja. Daraja letu litajengwa na nani? Ninaloomba ni dogo: tusiwasaidie kwa ulimi. Mikono yetu huenda ikalazimishwa, lakini si lazima tuliite jambo hilo kwa jina wanalolitaka. Katika mashirika yetu, katika familia, tukisimulia habari za juma, tutofautishe. Tulipokutana na kukubaliana kujenga daraja, tuseme tulifanya kazi ya kijiji. Mtu aliyechukuliwa kwa nguvu, tuseme alichukuliwa kwa nguvu. Mtoto akizoea kuuita utumwa salongo, siku akipata bunduki naye atawaita wenzake salongo, na hataona kwamba amefanya kosa. Ndivyo walivyokuwa wangwana wa zamani.

Tena kila mmoja ajitazame nyumbani kwake. Yule msichana wa ndugu yako aliyekuja mjini «kusaidia kazi» bila shule na bila mshahara, je, aliulizwa? Yule kijana anayekulimia kwa deni la baba yake, deni hilo litakwisha lini?

Jumamosi iliyofuata nilimjibu yule mvulana mbele ya wenzake. Nilimwambia: «Mtume aliulizwa akakubali. Mtumwa hakuulizwa. Wewe, mwanangu, hukuulizwa.» Alikaa kimya, kisha akauliza kama basi kosa lile la kutokuja mafundishoni lahesabiwa kuwa dhambi yake. Nikamwambia sivyo, hata kidogo.

Kisha nikachukua kalamu, nikaifuta ile R. Katika nafasi yake niliandika neno zima, ingawa mstari ulikuwa mwembamba: alichukuliwa. Tangu siku hiyo ndivyo ninavyoandika. Neno hilo sasa limejaa katika daftari langu, na kila mwisho wa mwezi nalisoma mbele ya Ekaristi, jina kwa jina.